Maswali yanayoulizwa sana kuhusu VAT, risiti za EFD na kukagua bei ukienda kununua mahitaji (Arusha na Moshi)

Haya ni maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu VAT, yani kodi ya ongezeko la thamani, na risiti za EFD, yani zile za mashine ya kodi. Wengine ni wateja wa kawaida tu waliotoka supamaketi na risiti imekunjwa kwenye pochi, wengine wana viduka vyao Pasua, Majengo, Ngarenaro au Usa River na mzigo wanafunga Mbuyuni au Kilombero. Kazi yangu ni kuwaandalia wenye maduka mahesabu yao kwa hiyo risiti ndo nashinda nazo kutwa. Nimejibu kama ninavyojibu kwa mdomo, ukiona swali halikuhusu ruka.

Kwani hii VAT analipa nani, mimi au mwenye duka?

Unalipa wewe. Mwenye duka anakusanya tu anapeleka TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ndo maana mi huwa nacheka mtu akisema "mwache mangi wa watu asihangaike na risiti, kodi ni nyingi jamani". Sawa kodi ni nyingi ila hiyo VAT siyo pesa ya mangi, umeshamkabidhi wewe mkononi ndani ya bei, sasa asipotoa risiti haijakurudia wewe wala haijafika serikalini, imebaki kwenye droo yake. Umemchangia bila kujua.

Bei ya sabuni kwenye rafu ni 5,900. Nikifika kaunta wataniongezea asilimia 18?

Hapana. Bei anayotangaziwa mteja inatakiwa iwe na kodi tayari ndani yake, ukiona 5,900 unalipa 5,900. Ukifika kaunta ukaambiwa "hiyo ni bei bila VAT, ukitaka risiti tunaongeza 18" hapo kuna mchezo, nitaueleza huko chini maana ndo swali linaloulizwa kuliko yote.

Mbona dada yangu yuko Marekani anasema kule bei ya rafu siyo unayolipa?

Ni kweli, kule mfumo ni mwingine. Serikali yao kuu haina kodi ya mauzo, kila jimbo linapanga lake na miji nayo inaongeza juu, halafu duka linaandika bei bila kodi na kodi inaongezwa kaunta. Texas kwa mfano jimbo linachukua asilimia 6.25 na ukijumlisha ya mji inaweza kufika 8.25, Oregon hakuna kabisa. Na vyakula vya kupika nyumbani majimbo mengi hayavitozi. Kwetu hata sisi zamani tulikuwa na kodi ya mauzo, VAT ikaja kuchukua nafasi yake Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashuka kuwa 18 mwaka 2009. Ukienda Zanzibar utakuta 15, wana mamlaka yao ya mapato na sheria yao.

Nitajuaje ni shilingi ngapi ya VAT iko ndani ya bei?

Chukua bei, zidisha mara 18, gawa kwa 118. Basi. 5,900 mara 18 gawa 118 unapata 900. Yani sabuni yenyewe 5,000 na kodi 900.

Watu wengi wanachukua 18% ya 5,900 wanapata 1,062 halafu wanakuja kulalamika risiti imekosewa. Haijakosewa. Hiyo 18 inapigwa kwenye bei ya kabla ya kodi, siyo kwenye bei unayolipa.

Risiti imejaa maneno ya Kiingereza na herufi, naisomaje?

Hili wacha nilijibu kwa kirefu maana ukishaisoma risiti moja vizuri zote umeziweza. Tuseme umeingia supamaketi Arusha umechukua hivi:

sabuni ya unga 5,900 A
dawa ya meno 3,540 A
shampoo 7,080 A
mayai trei moja 12,000 E
vitunguu kilo 2 4,000 E

Risiti halali inaanza na START OF LEGAL RECEIPT na inaisha na END OF LEGAL RECEIPT. Juu kuna jina la biashara, TIN (namba ya mlipakodi), VRN (namba ya usajili wa VAT), UIN (namba ya utambulisho) na namba ya mashine, angalia kama jina linafanana na duka uliloingia, usicheke, kuna watu wanatoa risiti ya duka la shemeji. Kisha kuna sehemu ya jina la mteja na TIN yake, mteja wa nyumbani haikusumbui ila mwenye biashara usiondoke bila kuijaza. Kuna namba ya risiti, namba ya Z, tarehe na saa. Z ni ile hesabu ya kufunga siku, mashine inajumlisha mauzo ya siku nzima.

Zile herufi pembeni ya bei ndo zinakwambia kodi. A ni asilimia 18. E ni bidhaa iliyosamehewa. Kuna C ya sifuri, na utaiona pia kwa wauzaji ambao hawajasajiliwa VAT, na D ya unafuu maalumu ambayo wewe na mimi hatuioni oni.

Sasa chini. TOTAL EXCL OF TAX ni jumla kabla ya kodi, hapa 30,000. TAX A-18.00 ni kodi yenyewe, 2,520. TOTAL INCL OF TAX ni unacholipa, 32,520. Ukitaka kuhakiki jumlisha vya A peke yake, 5,900 na 3,540 na 7,080 inakuja 16,520, mara 18 gawa 118 unapata 2,520 kamili. Mayai na vitunguu havijaingia kwenye hesabu ya kodi. Ukikuta mashine imewapiga mayai A badala ya E hapo muulize keshia kwa upole tu, mara nyingi ni mtu aliyeingiza bidhaa kwenye kompyuta akaweka herufi moja kwa kila kitu akaenda zake kunywa chai.

Chini kabisa kuna RECEIPT VERIFICATION CODE na kile kimraba cha QR. Hiyo ndo roho ya risiti.

Kwa hiyo nyanya za Kilombero zina VAT?

Hazina. Mazao ambayo hayajasindikwa, mboga, matunda, vitunguu, viazi, ndizi, maharage, mayai, nyama mbichi, yamesamehewa. Iwe umenunua kwa mama aliyetandika kitambaa chini Tengeru siku ya soko au umenunua supamaketi kwenye friji yenye taa, kitunguu ni kitunguu. Ila hicho hicho kikishapita kiwandani kikageuzwa, kikawekwa viungo na kufungwa kwenye kopo, hadithi inabadilika, kwa vitu vya kusindikwa usikisie we soma herufi kwenye risiti. Na orodha ya misamaha inaguswa kila mwaka, bunge linapitisha Sheria ya Fedha mwezi wa sita na inaanza kutumika tarehe 1 Julai, ndo maana bei za vitu vingine zinaruka katikati ya mwaka. Taulo za kike kwa mfano zilisamehewa 2018, 2019 wakairudisha kodi.

Mangi wa hapa mtaani hana mashine ya EFD, anavunja sheria?

Siyo lazima. Mashine inamhusu mwenye mauzo kuanzia milioni 11 kwa mwaka. Genge, mama wa mboga, kibanda cha chipsi hawa wengi wako chini ya hapo. Lakini duka la hoolseli linaloshusha fuso la sukari kila wiki likikwambia "sisi wadogo" usilikubalie.

Kuna kiwango kingine ambacho watu wanakichanganya na hicho. Kusajiliwa VAT ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, ilikuwa 100 ikapandishwa 2023. Kwa hiyo kati ya milioni 11 na 200 kuna kundi kubwa sana la maduka yenye mashine, yanayotakiwa kutoa risiti, ila HAYARUHUSIWI kukutoza VAT. Rudia kusoma hiyo sentensi maana swali linalofuata limetoka hapo.

Risiti yangu imeandikwa VRN: NOT REGISTERED. Ni feki?

Siyo feki. Muuzaji ana TIN na mashine ila hajasajiliwa VAT, na risiti yake haitakuwa na kodi ya 18, sehemu ya kodi itasoma 0. Kinachonikera ni wale ambao hawajasajiliwa halafu wanakwambia "bei imepanda kwa sababu ya VAT dada". VAT ipi? Soma juu ya risiti, kama VRN ni NOT REGISTERED hana VAT ya kukusanya, hiyo bei kaipandisha mwenyewe. Ni haki yake kupanga bei lakini asiisingizie serikali.

Naulizwa "nikupe na risiti au bila risiti?" na bei ni mbili. Hii ni halali?

Siyo halali, na inafanyika mchana kweupe. Kwenye vitu vidogo vya chakula siyo sana, imeshamiri kwenye vifaa vya ujenzi, vipuri, simu, na hoolseli za vyakula ukichukua mzigo mkubwa.

Ukweli wa hesabu uko hivi. Anakwambia katoni ni 100,000 bila risiti na 118,000 na risiti. Anataka uone kwamba risiti inakugharimu 18,000. Lakini kama yeye amesajiliwa VAT bei yake halali ya kukutangazia ilitakiwa iwe na kodi ndani tangu mwanzo, kwa hiyo hiyo "100,000 bila risiti" siyo huruma, ni mauzo ambayo hayataonekana popote, na kodi aliyolipa yeye akinunua kiwandani anaidai TRA kwa mauzo mengine. Na kama hajasajiliwa, hiyo 18,000 ya juu haiendi popote zaidi ya mfukoni kwake.

Ufanye nini? Mi huwa nashauri hivi, uliza bei kwanza kwa maneno haya, "bei na risiti ni ngapi?". Ukianza hivyo hakuna bei mbili, kuna moja, halafu unapatana kwenye hiyo hiyo. Ukishakubali bei ya chini ndo uje udai risiti umeshamkera na yeye ana sababu ya kukuzungusha. Wenye maduka ya Double Road na pale Krokoni wananijua kwa hilo swali.

Nimelipa 640,000 risiti inasoma 64,000. Muuzaji anasema "ni risiti tu, itakusaidia njiani".

Itakusaidia vipi? Hii ndo inaitwa risiti pungufu na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko kutopewa kabisa, maana inakufanya ujione umekamilika. Askari na maofisa wa TRA wakisimamisha gari yenye mzigo, pale Himo au popote, hawaangalii kama una karatasi, wanaangalia karatasi na mzigo kama vinaongea lugha moja. Mifuko 6 ya sukari ya kilo 50 na risiti ya elfu 64, hata mtoto anajua hapo kuna kitu.

Halafu ukiwa mfanyabiashara umejiumiza mara mbili. Mwisho wa mwaka manunuzi yako kwenye makaratasi ni 64,000 wakati umeuza mzigo wa 700,000, faida yako kwenye karatasi inaonekana kubwa kupita hali halisi na kodi ya mapato inakuja kwenye hiyo faida ya hewa. Nimekaa na akina mama wawili watatu Moshi hapa wanalia kwenye meza yangu, mzigo wameununua kweli, hela wametoa kweli, risiti zinasema vingine, na mi sina namna ya kuandika gharama ambayo haina karatasi.

Kwa hiyo kabla hujatoka kaunta, kabla tolori halijapakia, jicho moja kwenye TOTAL INCL OF TAX jicho lingine kwenye meseji ya muamala au hela uliyohesabu. Zilingane. Hilo tu, sekunde tano.

Nahakikije kama risiti ni ya kweli?

Piga picha ile QR kwa kamera ya simu, itakupeleka kwenye ukurasa wa TRA wa uhakiki, verify.tra.go.tz, au fungua huo ukurasa uingize ile code na saa iliyoandikwa kwenye risiti. Ikija na jina la duka, bidhaa na kiasi kile kile, iko sawa. Isipopatikana palepale usianze ugomvi, mashine ikikosa mtandao bado inatoa risiti na inatuma baadaye, na mitandao yetu unaijua mvua ikinyesha. Jaribu tena kesho yake. Kama bado haionekani piga TRA bure 0800 780 078 au 0800 750 075, au ingia ofisini kwao, Arusha ipo na Moshi ipo.

Ukihakiki linganisha tarehe pia. Kuna wajanja wanachukua risiti iliyoachwa na mteja wa asubuhi wanampa wa jioni mwenye kiasi kinachokaribiana. Ndo maana mteja anayeitupa risiti sakafuni pale mlangoni huwa namwangalia tu, kamwachia mtu mtaji.

Nimesikia kuna VAT ya 16% ukilipa kwa simu au kadi, ni kweli?

Sheria ya Fedha ya 2025 ndo ilileta hicho kiwango, 16 badala ya 18, kwa mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT anayelipa kupitia benki au mfumo wa malipo wa kielektroniki. Nia ni watu waache kulipa kwa noti mkononi ili mauzo yaonekane. Kwenye ule mfano wetu wa juu vitu vya A vilikuwa 14,000 kabla ya kodi, kwa 18 unalipa 16,520 na kwa 16 unalipa 16,240, tofauti shilingi 280. Siyo hela ya kujengea lakini kwa manunuzi ya mwezi mzima inanunua kitu. Shida ni kwamba duka linaweza likakupa bei ile ile na hiyo mbili ikayeyukia kwenye bei, kwa hiyo ukilipa kwa lipa namba au kadi soma mstari wa kodi kwenye risiti uone imeandikwa kiwango gani, na uliza. Usiogope kuonekana mshamba, keshia wengi nao wanasubiri aulize mtu ili wakamuulize bosi.

Meseji ya lipa namba siyo risiti? Na ile slipu ya kadi?

Siyo. Hizo zinathibitisha hela imetoka kwako, hazisemi umenunua nini wala kodi ni ngapi. Na karatasi ya kuandikwa kwa mkono kwenye kile kitabu cha kununua stesheneri nayo kwa muuzaji mwenye mashine siyo risiti, wala profoma, wala delivari noti. Zitunze kama ushahidi wa ziada, sawa, ila dai ya EFD.

Nikague nini hasa kwenye risiti ya supamaketi ukiacha mambo ya kodi?

Hapa ndo pesa ya mteja wa kawaida inapotea, siyo kwenye VAT. Kwa uzoefu wa risiti zinazopita mikononi mwangu makosa ni yale yale.

Kitu kimoja kusomwa mara mbili. Keshia anaskani, mashine inachelewa kulia, anaskani tena. Hesabu vitu kwenye kikapu na mistari kwenye risiti, hasa vitu vinavyofanana kama maziwa ya pakti na sabuni za kipande.

Bei ya rafu na bei ya kompyuta kutofautiana. Ofa imeisha jana lebo haijatolewa, au bei imepanda wamebadilisha kwenye kompyuta wakasahau rafu. Mi napiga picha lebo za vitu vya bei kubwa kwa simu, mafuta ya lita 5, mchele, maziwa ya mtoto, nikifika kaunta natazama ile skrini wakati anaskani. Ukikuta tofauti onyesha picha, dai bei ya rafu, duka linalojiheshimu halibishani na lebo yake lenyewe. Likibisha acha hicho kitu pale pale, hujakilipia bado. Na tabia ikiwa ya kila siku Tume ya Ushindani ndo inashughulika na haki za mlaji.

Vitu vya kupima. Vitunguu, nyama, samaki, ile stika ya mizani ina uzito na bei ya kilo, piga hesabu kichwani. Na angalia kama wamekuwekea aina sahihi, karoti zikaandikwa pilipili hoho bei inaruka.

Mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 mfuko mbadala unauzwa, na kuna sehemu wanakuwekea bila kuuliza halafu uko kwenye risiti. Mia tano yako. Beba kikapu kutoka nyumbani.

Ukigundua kosa baada ya kutoka rudi siku hiyo hiyo na risiti na kitu chenyewe. Elewa kwamba risiti ikishachapwa imeshakwenda, keshia hawezi kuifuta kama meseji, kuna utaratibu wa kurekebisha ambao anaufanya msimamizi. Kwa hiyo akisema "subiri nimwite bosi" hakudharau, ndo inavyotakiwa.

Jumla ni 32,520, hiyo ishirini wanaifanyaje?

Ishirini iko kwenye kompyuta, mtaani ni ya kutafuta kwa tochi. Wengine wanakuachia unalipa 32,500, wengine wanakula wao wanachukua 32,550. Na kuna wale wa kukurudishia pipi. Mi pipi sichukui, nikikosa chenji naomba kiberiti, angalau nyumbani kinatumika. Ukilipa kwa simu unalipa kamili na hakuna maneno.

Mimi mteja naweza kupigwa faini kwa kutokuwa na risiti?

Unaweza. Sheria inambana anayeuza na anayenunua. Matangazo ya TRA ya miaka mingi yanataja kuanzia elfu 30 mpaka milioni moja na nusu kwa asiyedai risiti, na milioni 3 mpaka 4 na nusu kwa asiyetoa. Kiuhalisia hakuna atakayekufuata kwa ajili ya mkate, wanaokamatwa ni wa mizigo. Lakini usimzoee ofisa aliyesimama nje ya mlango wa duka la hoolseli.

Stempu kwenye soda na bia zinahusiana na hii?

Ni kitu kingine, ile ni stempu ya kodi ya kielektroniki, ilianza 2019 kwenye sigara, bia, mvinyo na pombe kali, baadaye soda na vinywaji vingine vikafuata. Inaonyesha kinywaji kimetengenezwa au kimeingizwa nchini kihalali. Kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, unaskani inakwambia. Kwa pombe kali mi naona ni afya kuliko kodi, hujui mtu kachanganya nini kule nyuma.

Mizani ya sokoni siiamini, nifanye nini?

Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, mizani inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Hakuna stika au imechakaa haisomeki, hama. Na ukinunua kwa gunia pima, usinunue lumbesa kwa macho, kile kilemba cha juu kimepigwa marufuku na bado kipo.

Nikinunua Taveta au Namanga upande wa Kenya, risiti ya kule inanitosha?

Inatosha kuonyesha umenunua. Kule VAT ni 16, walishusha mpaka 14 wakati wa korona mwezi wa nne 2020 wakairudisha Januari 2021. Lakini hiyo ni kodi ya Kenya, haikuvushi. Vitu vya matumizi ya nyumbani kidogo kidogo watu wanapita, mzigo wa biashara unapita forodha Namanga au Holili, na kama bidhaa imetengenezwa ndani ya Afrika Mashariki na mzigo hauzidi dola 2,000 ulizia kile cheti rahisi cha uasilia, kinakuondolea ushuru wa forodha. Kodi nyingine wanakupigia palepale. Kupita njia za panya kwa kuokoa elfu hamsini kisha mzigo wote ushikwe mi sijawahi kuona hesabu yake.

Nina kaduka kadogo, risiti za manunuzi zinanisaidia nini?

Gharama bila risiti ya EFD TRA wanaikataa, na kama umesajiliwa VAT huwezi kudai ile kodi uliyolipa kwenye manunuzi. Mwambie muuzaji TIN yako KABLA hajachapa, akishachapa bila TIN kumrudisha ni kesi. Iandike kwenye kipande cha karatasi nyuma ya simu, keshia akiuliza unamwonyesha tu usianze kuitaja namba tisa kwa kelele za Mbuyuni.

Risiti nizitunze muda gani? Maandishi yanafutika.

Ya nyumbani tunza mpaka kitu kiishe, na kama kina garantii mpaka garantii iishe. Ya biashara miaka 5. Ile karatasi haitumii wino, inaungua kwa joto, ukiiweka kwenye dashibodi ya gari au kwenye pochi ya plastiki baada ya miezi kadhaa ni nyeupe. Piga picha siku hiyo hiyo, hakikisha QR na jumla vinaonekana, iweke kwenye folda ya mwezi kwenye simu au jitumie mwenyewe WhatsApp, na karatasi yenyewe ikae kwenye bahasha ya kaki mbali na jua. Usiipitishie selotepu juu ya maandishi, inayala.